Barua kwa mwanangu kabla hajapanda basi la Dodoma

Mwanangu Neema,

Nakuomba jambo moja: ukifika Dodoma, kadi yako ya kuandika hisia kila siku usiiache. Najua utaniambia mwezi huu umetulia, hujagombana na mtu. Nimefurahi, tena najivunia. Lakini mwenye bodalaini, ugonjwa huu wa hisia kupanda ghafla na mahusiano kuyumba, akishapata nafuu ndipo anapolegeza mazoezi, na siku bosi akimkunjia uso, mbinu zote zimeshamtoka kichwani.

Kila jioni andika hasira, huzuni, aibu na hamu ya kujiumiza, kila kimoja toka 0 hadi 5, na pembeni mbinu uliyotumia. Ukiruka siku, usijaze za kubuni, wala usiitupe kadi nzima. Hapo ndipo unaponiudhi: kwako kikiharibika kidogo, kimeharibika chote.

Hisia zikipanda mpaka unatetemeka, usibishane nazo. Chota maji baridi kwenye beseni, bana pumzi, inama uzamishe uso sekunde 30 hivi. Mapigo ya moyo yatashuka. (Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu, wewe daktari alisharuhusu.) Kisha vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Ujumbe wa hasira uandike daftarini, uusome asubuhi ndipo uamue. Hamu ya kujiumiza ikifika 4, usibaki peke yako chumbani. Mwambie mtu, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Kidonge cha kutibu bodalaini yenyewe hakipo. Hivyo vya sonona usiviache bila daktari.

Mtafiti Mary Zanarini na wenzake wa Hospitali ya McLean, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 290 wa bodalaini kwa miaka 10. Asilimia 93 dalili ziliwatulia kwa angalau miaka 2 mfululizo. Waliofikia na kusimama vizuri kikazi na kimahusiano walikuwa nusu. Kwa hiyo kutulia kwako ni kweli, ila kazi bado ipo, na hiyo hakuna wa kukufanyia. Kadi, Neema.

Nisipopokea simu, nimekwenda kukata majani ya ng'ombe au umeme umekatika. Sijakutupa. Piga tena saa mbili usiku, au mpigie shangazi yako.

Mshare za mtori ziko kwenye kiroba, zipike mapema kabla hazijaiva. Fundi wa paa la jikoni kasema Jumatatu, tutaona. Baba yako anauliza utachukua blanketi lipi. Kopi za kadi za miezi mitatu nimeziweka kwenye bahasha ya kaki, juu ya nguo.

Mama yako,
Moshi