Jumamosi: sura ya kwanza, riwaya ya ghorofa

Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi tunasoma sura za kwanza za riwaya zetu za kutisha, zile zinazotokea ndani ya jengo la ghorofa. Maneno 1,500, asizidi mtu.

Kabla hujaandika, chora jengo kwenye karatasi: ngazi ziko wapi, lifti inaishia ghorofa ya ngapi, nani anakaa juu ya nani. Rasimu nyingi hukwama hapa. Mhusika anasikia kitu kikiburutwa juu ya dari, kumbe ukurasa wa pili tuliambiwa anakaa ghorofa ya mwisho!

Halafu jengo la Upanga au Kariakoo, hapa Dar es Salaam, lina vitisho vyake, msiazime vya kasri za Ulaya. Fleti namba 7 haina mpangaji tangu Machi, lakini taa ndogo nyekundu ya mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla ya kutumia) inawaka na kuzima, harakaharaka. Maana yake kuna anayetumia umeme humo, na kuna anayeununua. Hilo linatosha kurasa tatu. Jini wa nini tena?

Mlinzi asijue kila kitu. Daftari lake la wageni liwe na mtu aliyeandikwa kuingia, safu ya kutoka tupu.

Tumeni PDF kufikia Alhamisi saa 2 usiku. Ujumbe wa sauti sifungui.