Ngozi ya mbuzi inaonewa

Mhariri,

Wanunuzi wa vizibao vya ngozi vilivyodariziwa kwa mkono hapa Arusha wananung'unika kwamba ua la kifuani hung'oka na kipande cha ngozi, na lawama zote hutupiwa ngozi ya mbuzi. Tunaomba nafasi tuitetee. Geuza kizibao kilichochanika utazame upande wa ndani: mashimo yamefuatana kama ya kuchania stempu.

Kitambaa ukikichoma sindano, nyuzi husogea kisha hurudi mahali pake. Ngozi hairudi. Shimo likishatobolewa ni la kudumu, na hakuna kufumua ukaanza upya. Kwenye ngozi yenye unene wa milimita 1, mashimo yakikaribiana mno ni mstari wa kuchania. Ndiyo maana ule mshono wa kujaza ua, tuliouzoea kwenye vitambaa vya makochi, huku haufai. Shona mnyororo (vitanzi vya uzi vinavyoshikana), au laza uzi mnene juu ya ngozi na kuubana kwa uzi mwembamba kila milimita 5 au 6. Ua linajaa vilevile, mashimo machache.

Sindano nayo ina lawama zake. Ile yenye ncha ya pembe tatu hukata, haisukumi. Ni ya ngozi ya ng'ombe. Kwa ngozi nyembamba ya mbuzi au kondoo, sindano ya kawaida iliyo kali inatosha. Ikikwama, ivute kwa plaizi ikiwa imenyooka. Ukiipinda unapanua shimo.

Mchoro uchorwe kwenye karatasi, ibandikwe juu ya ngozi kwa vibanio vya nguo (pini huacha alama), chini pawekwe sponji, kisha tundu zote zitobolewe kwanza. Fremu ya mviringo ya kudarizia isiguse ngozi kabisa, duara lake halifutiki.

Uzi uwe wa poliesta, uliopitishwa kwenye nta, wenye urefu wa sentimita 45 hivi. Mrefu zaidi ya hapo husuguliwa na kila tundu hadi unachambuka. Uzi wa pamba hulika upesi kwa jasho. Kwenye shanga wengi hupenda nailoni kwa sababu ni imara, lakini nailoni hunyumbuka: baada ya miezi michache shanga zinaning'inia. Tunga shanga 3 au 4, rudisha sindano kwenye ya mwisho, ndipo uendelee.

Halafu kuna haraka ya kumaliza. Darizi ifanywe kwenye kipande kabla kizibao hakijaunganishwa, ikiacha sentimita 1 na nusu pembeni kwa ajili ya mshono. Anayedarizi nguo iliyokwisha kushonwa hupenya hadi kwenye bitana; bitana ikivutwa mteja anapoingiza mkono, inavuta ua, na ua linavuta ngozi.

Mafundi ngozi,
Ngarenaro, Arusha