Vigari vya umeme vya kukodi vianzie Chake, si Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ninalolisikia likizungumzwa sana barazani, nalo ni kuleta Zanzibar vigari vidogo vya umeme vya kuwakodisha wageni. Kila linapotajwa, hutajwa pamoja na Mji Mkongwe wa Unguja, kana kwamba visiwa hivi vina mji mmoja tu wenye historia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa na mkaazi wa Chake Chake, na nimewahi kukiendesha kigari cha aina hiyo katika mji wa kale uliojengwa juu ya vilima. Kwa niliyoyaona huko, naamini kwa dhati kwamba tukiamua kuvileta, pahala pa kuanzia ni Pemba, na Mji Mkongwe uachiwe waendao kwa miguu.

Mji wenyewe ni Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambako mwanangu anasoma. Watu wa mji ule si wageni katika historia yetu. Vasco da Gama, ambaye kaburi lake liko huko, alipita Zanzibar mwaka 1499 akirejea kutoka India, na nguvu za Wareno katika pwani hii hazikuvunjika mpaka Waomani walipoiteka Ngome ya Mombasa mwaka 1698. Walituachia meza, bendera, leso na karata katika lugha yetu, na wazee wa Pemba husema hata mchezo wetu wa ng'ombe asili yake ni wao. Lakini kilichonigusa mimi ni jina la mtaa wao wa kale kabisa, Alfama. Jina hilo ni la Kiarabu, na mzizi wake ndio huo huo uliotupa sisi Hamamni, mtaa wa Mji Mkongwe wenye hamamu ya kale. Vichochoro vya Alfama vilinusurika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la mwaka 1755 lililouangusha mji, na ukivitazama kwa jicho la Mzanzibari utadhani ni mitaa ya Mji Mkongwe, Kiponda na Malindi, iliyonyanyuliwa na kuegemezwa ubavuni mwa kilima.

Kigari tulichokikodi kilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kama dereva na abiria wake wanavyokaa kwenye vespa, na usukani ulikuwa katikati. Vigari vya namna hii, kama Renault Twizy iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, havifiki urefu wa mita mbili na nusu, na upana wake ni kama mita moja na robo. Betri ya Twizy hubeba kiasi cha uniti 6 za umeme, hujaa kwa saa tatu na nusu katika soketi ya kawaida ya nyumbani, na chaji hiyo humfikisha mtu kilomita 60 hadi 80, kutegemea vilima na uzito wa mguu wa dereva. Citroën wanacho chao kiitwacho Ami, ambacho watu hukaa ubavu kwa ubavu na ambacho hakivuki kilomita 45 kwa saa. Huo ndio mwendo ninaoupendelea kwetu.

Tulipokuwa tunapanda kuelekea Graça, mtaa wa kilimani huko Lisbon, katika barabara nyembamba iliyotandikwa mawe madogo yaliyolainishwa na miaka mingi ya magurudumu, tulikabiliana na tramu namba 28, gari la abiria lipitalo juu ya reli, ikiteremka, ikatubidi tusimame pale pale penye mwinuko, huku teksi ikiwa imetugandia nyuma. Moyo ulinienda mbio. Nilikikumbuka kilima cha Mkoani, pale gari zinapopanda kutoka bandarini baada ya meli kufika, zimejaa watu, magunia na ndoo, na siku moja niliyokuwamo katika gari iliyozimika katikati ya mwinuko ikaanza kurudi nyuma, harufu ya klachi iliyoungua ikiwa imetujaa puani, mpaka kondakta akaruka na jiwe akaliweka nyuma ya tairi. Pale Graça mwanangu aliniambia kwa utulivu, "Baba, achia breki, ukanyage taratibu." Nikafanya hivyo, na kigari kikaondoka bila ya mtikisiko, kimya, kama mtu aliyeinuka kitini. Sababu yake ni kwamba mota ya umeme hutoa nguvu zake tangu mzunguko wa kwanza kabisa, haingoji kuchanganya kama injini ya petroli, na haina klachi ya kuungua.

Nilipokuwa nikisomesha, nilipenda kuwafanyisha wanafunzi hesabu za mambo ya kweli, na hii hapa ni moja yao. Kutoka ukingo wa mto Tejo hadi Ngome ya São Jorge ni kupanda kama mita 110. Kigari chenye watu wawili ndani, uzito wake wote ukiwa kilo 600 na kitu, huhitaji chini ya sehemu moja ya tano ya uniti moja kwa ajili ya kuunyanyua uzito huo hadi juu, ukiacha kinachopotea njiani kwa msuguano. Uniti zilizomo katika betri ni 6. Tena sehemu ya kile ulichokitumia hurudi, kwa sababu ukiteremka na kuondoa mguu, mota hugeuka kuwa jenereta, huikamata gari isikimbie na kurudisha umeme katika betri. Niliutazama mshale mdogo kwenye kioo cha dereva ukigeuka upande wa kujaza kila tuliposhika mteremko, na nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Vilima vya Pemba ni vifupi kuliko vile vya Lisbon, ila vimefuatana, unashuka bondeni penye mpunga na papo hapo unapanda tena penye mikarafuu. Njia ya namna hiyo huichosha injini na kuzila breki, lakini kwa mota ya umeme kila mteremko ni msaada.

Hapo pana tahadhari ambayo wanaotaka biashara hii waijue mapema. Betri ikiwa imejaa pomoni haina pahala pa kuweka umeme unaorudi, kwa hiyo mgeni akichaji kilimani kisha akaanza safari kwa mteremko mrefu, ule mkono wa mota unaomzuia huwa dhaifu au haupo kabisa, na mzigo wote huangukia breki za kawaida. Katika mji kama Chake, ambao barabara yake kuu imekaa juu ya mgongo wa kilima na pande zake zinamwagikia kwenye mikoko, vituo vya kuchajia vingefaa kuwekwa chini, au betri isijazwe mpaka juu kabisa.

Sasa nieleze kwa nini nasema si Mji Mkongwe. Mji ule ni tambarare. Sifa hiyo ya kupanda kwa wepesi haina kazi pale, na ukianzia Forodhani unafika Darajani kwa miguu bila ya kutoka jasho jingi. Vichochoro vyake vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda, na baraza zake ni pahala pa watu kukaa, kunywa kahawa na kumsalimia apitaye. Tayari vespa na baiskeli zinawabana wazee ukutani. Ukiongeza vigari vya wageni wasiojua njia, vyenye upana wa zaidi ya mita moja, utakuwa umeuondolea mji huo ule utulivu ulioufanya uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Wenzetu wa Lisbon wameliona hilo. Ndani ya Alfama gari za nje haziingii ovyo. Wameweka nguzo za chuma zinazozama ardhini kumpisha mkaazi na kuinuka tena. Sisi tulikiacha kigari pembeni tukaingia kwa miguu, na hakuna tulichokikosa.

Pemba hali ni nyingine kabisa. Mambo ya kale ya kisiwa hiki yametawanyika, na mgeni asiye na gari hayafikii. Ngome ya Chake, ambayo sehemu yake iliyobaki sasa ni makumbusho, iko mjini, lakini magofu ya Pujini yako kiasi cha kilomita 10 kutoka hapo. Huko ndiko mapokeo yanakosema alitawala Mkama Ndume, ambaye watu wake walibebeshwa mawe huku wakijikokota kwa makalio, na ndiko kuliko na kisima kinachosemwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane, mmoja akichota kwa kamba na mwenzake akishuka kwa ngazi. Hadithi kama hii haimo katika mji wowote wa Ulaya niliopata kuusikia, na mgeni anaipita kwa sababu teksi ya siku nzima ni ghali na gari ya abiria inamwacha mbali. Kwenda Pujini na kurudi ni robo au theluthi ya chaji ya kigari kimoja. Ras Mkumbuu nayo iko katika masafa hayo, barabara yake ikitengenezwa. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha na magofu ya Chwaka ya Tumbe yako mbali zaidi, na kwa hayo ingebidi pawe na pahala pa kuchajia Wete au Konde, mtu apumzike saa mbili, ale, kisha aendelee.

Najua nitaulizwa umeme uko wapi. Swali hilo ni la haki, kwa sababu umeme wetu unatoka chini ya bahari, na Pemba imeunganishwa na Tanga kwa waya tangu mwaka 2010. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Ndugu zetu wa Unguja hawajasahau mwaka 2008 walipokaa gizani takriban mwezi mzima baada ya hitilafu katika njia inayotoka Bara, wala ule mkasa wa pili ulioanza Disemba 2009 ukadumu miezi mitatu. Jibu langu ni kwamba kigari kimoja hakihitaji mengi. Paneli za jua za kilowati 2 juu ya paa la banda zinatoa kiasi cha uniti 8 katika siku ya jua zuri, yaani zaidi ya inavyobeba betri nzima. Banda hilo hilo ndilo litakalokuwa kivuli cha vigari. Kwa miezi ya masika, jua likijificha, waya wa Tanga utasaidia, na vigari vinavyoletwa viwe na vioo milangoni, maana vingine vya aina hii vimetengenezwa bila ya vioo.

Jambo linalonitia khofu zaidi ni ukimya wa vigari hivi. Watoto wetu hutoka skuli na chuoni kwa makundi, wakitembea barabarani huku wanacheza, na masikio yao yamezoea kuonywa na mngurumo. Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme la kawaida linatakiwa na sheria litoe sauti likienda polepole, lakini vigari hivi vidogo havikuingizwa katika sheria hiyo. Tusichukue mapungufu yao pamoja na magari yao. Nashauri kwamba kigari kisichotoa sauti ya tahadhari kisisajiliwe hapa, kwa sababu mtoto mmoja akigongwa Chake Chake, hakuna faida ya utalii itakayoweza kutajwa mbele ya mama yake.

Upande wa kuendesha haunisumbui sana. Wareno hupita kulia na sisi tunapita kushoto, lakini kigari chenye usukani katikati hakimchanganyi mtu kama gari ya kawaida inavyomchanganya.

Kuhusu ukodishaji, nina malalamiko ya kwangu mwenyewe. Duka tulilokodi Lisbon lilitukabidhi kigari kikiwa na chaji isiyozidi nusu na kututoza bei ya siku nzima, hatukuligundua hilo mpaka tulipokwisha kutia saini, na safari yetu ya Belém, ambako nilitamani mno kuliona kaburi la huyo Vasco da Gama, ikaishia njiani. Kwa hiyo hapa kwetu kiwango cha chaji kiandikwe katika mkataba wakati wa kukabidhi na wakati wa kurudisha, kama inavyoandikwa kilomita. Betri zilizokufa nazo ziwe na mwenyewe: ya Twizy peke yake ina uzito wa kilo 100, na aliyeingiza gari alazimishwe kuitoa kisiwani, isije ikatupwa mikokoni.

Ninachokiomba kwa baraza la mji wetu na wahusika wa utalii ni kuanza na vigari vichache, vinne au sita, vimilikiwe na ushirika wa vijana wa Chake na si kampuni ya mbali, na banda lao la jua liwekwe bondeni badala ya kilimani. Njia ya kwanza iwe kutoka Ngome hadi Pujini, irekebishwe mashimo yake na kuwekwa vibao vya Kiswahili kwanza. Njia hiyo naijua kona kwa kona, nimewapeleka wanafunzi wangu kwa miguu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na niko tayari kuwafundisha bila ya malipo vijana watakaowaongoza wageni.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba