Jumamosi: mahali pamebadilika

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi hii tunakutana kufumbua fumbo la programu barazani kwangu Sinza Mori, si Mwenge tena, saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana. Wa mwendokasi mshuke Shekilango, kisha bajaji.

1. Fumbo ni la 15 la Project Euler, tovuti ya mafumbo ya hesabu yanayotatuliwa kwa programu: gridi ya 20 kwa 20, ukienda kulia na chini tu, kuna njia ngapi toka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia? Anzeni na gridi ya 2 kwa 2, ina njia 6. Ichoreni kwa mkono kwanza, tafadhali. Programu ya kuhesabu njia moja moja itasota mno, maana zinapita bilioni 100.

2. Aliyepata jibu asilimwage hapa, atoe dokezo dogo tu. Wiki iliyopita mwenzetu alikosa raha ya kulifikia mwenyewe, na iliniuma.

3. Mchango sh 3,000 ya bando na chai, kwa mhazini kabla ya Ijumaa saa 2 usiku.

Njooni na laptopu zimejaa chaji. Naomba kila mmoja ajibu NIPO au SIPO leo, nijue idadi ya vitafunwa. Mnaoanza Python, lugha ya kuandikia programu, njooni bila wasiwasi, nitakaa nanyi.