Siku za nyumbani nazo zinahesabiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo naona linaandikwa upande mmoja tu. Kila kukicha tunasoma habari za watu wanaofanya kazi kwa mtandao wakiwa nchi za watu, miezi kadhaa huku miezi kadhaa kule, na zinaandikwa vizuri tu, kazi inapatikanaje, viza inaombwaje, laptopu gani ununue. Sawa. Ila kile kipindi cha katikati, pale mkataba umeisha au viza imeisha na mtu anarudi kwao kwa muda kabla ya kuondoka tena, hicho kinarukwa kama vile hakipo, mwandishi anaandika "akarudi nyumbani kupumzika" alafu aya inayofuata jamaa yuko kwenye ndege nyingine. Mimi naishi hivyo hivyo kwa kwenda na kurudi, na nawaambia hapo katikati ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Tatizo ni kwamba siku za ugenini tunazihesabu moja moja, za nyumbani tunaziona za bure, hazina mwenyewe. Kumbe kuna watu wanazihesabu, tena kwa makini kuliko wewe.

Chukua eneo la Schengen kule Ulaya, nchi 29 ambazo kwa mgeni wa muda mfupi zinahesabika kama nchi moja. Unapewa siku 90 ndani ya siku 180. Sasa wasikilize watu wanavyoelekezana, utasikia "toka nje siku mbili tatu ukirudi inaanza upya", haianzi upya bwana! Hiyo 180 inatembea na wewe, kila siku unayokuwa ndani wanaangalia nyuma siku 180 umekaa siku ngapi, na siku ya kuingia ni siku, ya kutoka nayo ni siku hata kama uliondoka alfajiri. Ukikaa 90 mfululizo inabidi ukae nje siku 90 nyingine ndiyo upate tena. Kwahiyo unakuta mtu karudi kwao, kakaa mwezi mmoja, kaaga watu, kanunua tiketi ambayo hela yake hairudi, anafika mpakani anaambiwa hana hata siku moja. Zamani afisa alikuwa anapekua mihuri kwenye pasipoti na mihuri mingine ilikuwa imefifia, ila kuanzia tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza kuingiza mfumo unaochukua picha ya uso na alama za vidole, hesabu inapigwa na mashine na mashine haina huruma.

Na hizo 90 ni za kutembea, hazikupi ruhusa ya kazi, ndiyo maana nchi zikaanza kutoa viza zake maalum kwa watu wa aina yetu. Barbados walianza Julai 2020, miezi 12, Estonia wakafuata Agosti mwaka huo huo, baadaye Hispania na wengine wengi. Hizo ni nafuu lakini nazo zina masharti ya kurudi nyumbani ambayo watu hawasomi. Ureno kwa mfano kibali cha ukaazi wa muda kinaweza kufutwa ukikaa nje ya nchi miezi 6 mfululizo, au miezi 8 kwa kujumlisha ndani ya uhai wa kibali, bila sababu ya maana. Yaani umehangaika na makaratasi mwaka mzima, unarudi kwenu kumuuguza mzazi, unajisahau, kibali kinakufia mkononi.

Kodi ndiyo balaa lenyewe. Kila mtu anaijua siku 183, na karibu kila mtu anaijua vibaya. Watu wanaamini ukikaa chini ya hapo hudaiwi popote, kama vile kuna nchi ya angani wanayoishi wasafiri. Mikataba mingi ya kodi kati ya nchi na nchi inafuata mfano wa OECD, lile shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, na ule mfano unasema mshahara unatozwa kodi pale kazi inapofanyika, isipokuwa kama hujazidisha siku 183 ndani ya miezi 12 NA mwajiri wako siyo wa nchi hiyo NA mshahara wako haubebwi na tawi lake lililopo hapo, yaani masharti yote matatu kwa pamoja. Na hata ukiyatimiza haina maana umesamehewa, maana yake ni kwamba anayekudai ni nchi ya makazi yako. Sasa makazi yako ni wapi? Nchi mbili zikikugombania, mkataba wa namna hiyo unaanza kuuliza una nyumba ya kudumu wapi, ikishindikana maisha yako na mali zako vimeegemea wapi zaidi, ikishindikana huwa unakaa wapi mara nyingi, na uraia unaulizwa baada ya hayo yote. Kwahiyo kile chumba chako ulichokiacha kimefungwa na nguo zako ndani, ambacho wewe unakiona cha kufikia tu, kwa watu wa kodi kinaongea.

Kuna nchi zinahesabu mpaka masaa. Uingereza mtu anayefanya kazi nje kwa muda wote anaweza asihesabike mkaazi kwa ajili ya kodi, ila kati ya masharti yake ni kwamba awe nyumbani chini ya siku 91 kwa mwaka wa kodi, na siku alizofanya kazi akiwa hapo zaidi ya masaa matatu ziwe chini ya 31. Masaa matatu! Yaani ukienda kusalimia ukafungua laptopu asubuhi ukajibu barua pepe mpaka mchana, ile siku imekwisha kuwa ya kazi. Raia wa Marekani ndiyo kabisa, wao wanatakiwa kutoa hesabu ya kipato popote walipo duniani, na njia mojawapo ya kupata msamaha kwenye sehemu ya mshahara wa nje ni kukaa nchi za nje siku 330 kamili ndani ya miezi 12. Toa mwenyewe, zinabaki 35, na siku unayotua au kuondoka kwao siyo siku kamili ya nje, kwahiyo inakula humo humo kwenye hizo 35. Sisemi kila nchi iko hivyo, nyingine hazijali, ila ya kwako ukiisoma kabla ya kukata tiketi utakuwa umejitendea haki.

Alafu kuna vitu vidogo ambavyo havina sheria kubwa lakini vinakutoa jasho. Kompyuta ya kampuni ikiona umeingia kutoka nchi ambayo hawaitegemei inajifunga, unatumiwa namba ya kuthibitisha kwenye laini ya simu ya kule ulikotoka ambayo huku haishiki, na mtu wa teknolojia wa kampuni amelala kwa sababu kwao ni usiku wa manane. Laini ya nyumbani nayo usipoitumia muda mrefu inafungwa, akaunti ya benki inalala, pasipoti imebakiza miezi mitano na nchi nyingi zinataka angalau sita. Bima nyingi za safari zinakoma pale unapotua kwenu, au zinakulipia siku chache tu, na ile ya nyumbani ulishaacha kuichangia kwa sababu hukuwepo. Kwahiyo unajikuta mahali ulipozaliwa ndipo huna bima hata moja. Hilo la bima linanikera kwa kweli, maana ndilo rahisi kuuliza na ndilo watu wanalijua wakiwa tayari hospitali.

Mwili nao una hesabu yake. Kawaida unahitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki kunatesa zaidi kwa sababu saa ya ndani ya mwili kwa watu wengi inazidi masaa 24 kidogo, ni rahisi kuuchelewesha usingizi kuliko kuuwahisha. Mtu anayerudi kwao kwa wiki mbili kutoka tofauti ya masaa nane, ikifika wiki ya pili mwili ndiyo unaanza kuzoea na yeye anafunga begi. Na kama bado unafanya kazi kwa saa za bosi basi usitegemee kuzoea chochote. Ongezea pia hii habari ya kusogeza saa, Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, nchi nyingi hazisogezi kabisa, katikati hapo kwa wiki mbili au tatu mikutano yote inakuwa shaghalabaghala na wewe ndiye unayeonekana mchelewaji. Maoni yangu ni kwamba kama unakaa chini ya wiki usijaribu hata kubadilisha usingizi, ishi kwa saa za kule, ukipanga kukaa zaidi ya hapo omba mikutano ihamishwe kabla hujasafiri, ukishatua umechoka hutakuwa na nguvu ya kubishana.

Sasa watu. Hapa ndipo nilitaka kufika tangu mwanzo ila mambo ya siku yamenivuta. Ukiwa mbali familia inaelewa kwamba uko kazini, hawakuoni, basi. Ukirudi wanakuona umekaa kwenye kiti na laptopu, na swali linakuwa "si upo tu?" Si upo tu, mpeleke mtoto shule. Si upo tu, fundi anakuja msubiri. Kila mtu alikuwa anakungoja na ana haki ya kukungoja, kuna mambo ya miezi yamewekwa kiporo mpaka uje, nyaraka za kusaini, ugomvi wa ndugu wa kusuluhishwa, mgonjwa wa kumpeleka kwa daktari. Ukisema una mkutano saa tatu usiku unaonekana unajidai. Na huko kazini nako bosi anajua umerudi kwenu "kupumzika" kwahiyo ukichelewa kujibu nusu saa anaanza kuwaza kwamba unastarehe. Pande zote mbili zinaamini umempa mwenzake muda, na hakuna aliyeupata.

Halafu kuna upweke ambao hautajwi. Wataalam wa mambo ya jamii waliliona zamani, mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn waliandika kwamba mtu akirudi kutoka ugenini anashuka tena kimawazo na kupanda taratibu kama alivyoshuka kule alipohamia, wakauchora mwendo huo kama herufi W. Sasa wao walikuwa wanazungumzia watu waliokwenda mara moja wakarudi moja kwa moja. Sisi tunaorudi na kuondoka mara kwa mara tunakuwa kwenye huo mteremko kila safari na mara nyingi tunaondoka kabla ya kupanda. Marafiki wamezoea kukutana bila wewe, vikundi vya WhatsApp vina utani usioujua, mtoto wa ndugu yako anakuita mgeni. Ukitaka kuanza chochote cha maana, hata darasa la jioni tu, unajiuliza ya nini na naondoka. Basi unakaa miezi miwili kama abiria anayesubiri.

Ushauri wangu hapo watu wengi wanaupinga, wanasema ni wa kupoteza hela. Nasema siku za mwanzo za kurudi chukua likizo kamili, hata isiyo na malipo, zima simu ya kazi, maliza yale yote yanayokungoja, onana na watu uso kwa uso, kisha tangaza kabisa kwamba kuanzia Jumatatu fulani niko kazini saa fulani mpaka saa fulani na mlango ukifungwa umefungwa. Siku kumi kamili nyumbani zina maana kuliko miezi miwili ya nusu nusu. Najua siyo kila mwajiri atakubali, na anayelipwa kwa kila kazi anayoimaliza asipofanya kazi njaa inamhusu, lakini hata yeye anaweza kupunguza mzigo badala ya kudanganya pande zote kwamba yupo.

Lawama nyingine naipeleka kwa makampuni. Yanapenda kutangaza "fanya kazi popote" kwenye tangazo la ajira, ukisaini unakuta "popote" ina maana ya nchi ile moja uliyotajiwa, na ukiomba kufanya kazi wiki sita kutoka kwenu wanaanza kuogopa isije ikaonekana wamefungua tawi huko wakadaiwa kodi. Hofu yao siyo ya kijinga, naielewa. Ila waiseme mapema, wasisubiri mtu ameshatua. Na wewe unayetaka kusaini uliza kabla hata ya kufika kwenye mshahara, waombe wakuandikie kwa barua pepe wanaruhusu wiki ngapi za kufanya kazi ukiwa nchi ya kwenu, kwa saa za nani, kwa kompyuta gani. Wengine watakujibu hairuhusiwi hata siku moja, na hapo angalau utajua kwamba unachotakiwa kuomba ni likizo.

Msomaji wenu,
Mfanyakazi wa mtandaoni