Kwa wachora kuta wa Kibera, Mathare na Dandora

Wanangu,

Salaam nyingi. Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na mnajua huwa inakuwaje. Mashirika yatakuja na miradi ya amani, wagombea watakuja na rangi za vyama, nanyi mtaitwa kuchora. Kabla hamjashika brashi, nisikilizeni kidogo kuhusu karatasi za mapatano.

Wengi wenu mnaamini aliyechora ndiye mwenye mchoro. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaanza hivyo hivyo, kisha inageuka. Kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Yaani shirika likuambie "tuchoree ukuta wa shule", mpatane bei kwa mdomo, ulipwe, basi mchoro ule waweza kuishia kwenye kalenda na fulana zao nawe huna la kudai. Hapo hakuna aliyekuibia. Ulinyamaza tu, sheria ikaamua bila wewe.

Kwa hiyo andikeni, hata sentensi mbili: hakimiliki inabaki kwa mchoraji, mwagizaji anaruhusiwa kuutumia mchoro kwa kazi hii na hii, matumizi mengine yana malipo yake. Tieni sahihi wote wawili. Mwagizaji akikataa karatasi, mtumieni maneno hayo kwa simu, mngoje ajibu "sawa" kabla ya kununua rangi, na jibu lake mlihifadhi pamoja na ujumbe wa M-Pesa wa malipo.

Msihangaike sana na wapiga picha. Mchora kuta Solo 7 wa Kibera aliandika "Peace Wanted Alive" mtaa ukiwaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na waandishi wa habari wakayasambaza maneno yale duniani. Sheria yetu inaruhusu kupiga picha kazi ya sanaa iliyo mahali inapoonekana na umma. Ugali wenu uko kwenye mapatano na mwagizaji, si kwa kumkimbiza mwenye kamera.

Jina lenu ni jambo jingine. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyechora, na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna inayokuvunjia heshima, haihamishwi kwa mtu mwingine ukiwa hai, hata hakimiliki ukiiuza. Anayewaambia wafadhili kwamba ni "kazi ya vijana wa mtaa" mwambieni vijana wana majina.

Sasa usalama, ambao watu wa ofisini husahau kuutilia bei. Ukuta wa mtaani una mwenye nyumba, una vijana wa kona, na jioni kuna polisi wasiouliza mara mbili. Kibali cha mwenye ukuta kitafutwe na mwagizaji. Nauli na mtu wa kusimama nanyi viingie kwenye bei, na saa ya kufunga kazi iwe kabla ya giza.

Kuhusu wagombea, sitawakataza kula. Lakini maneno ya kuchochea kabila lolote msiyachore kwa bei yoyote: sheria ya utangamano ya 2008 ina faini hadi shilingi milioni moja au kifungo hadi miaka 3. Mgombea atakuwa na wakili wake. Ninyi mtakuwa na rangi mikononi, na ukuta uko nyumbani kwenu.

Wenu,
Mzee wa mabango, Mathare