Zuhura, hiyo imeli haijatoka benki

Chikongola, Mtwara
Jumamosi asubuhi

Zuhura mwenzangu,

Salaam aleikum. Ujumbe wako wa usiku nimeuona alfajiri, na ile imeli uliyonirushia, inayokutaka uhakiki akaunti, nimeifungua hapa dukani kabla wateja wa kopi hawajaanza kugonga mlango. Haijatoka benki. Usibonyeze kitu ndani yake, usiijibu, na ile namba ya simu waliyoiweka chini kabisa usiipige, maana atakayepokea ni haohao. Ila usiifute. Jumatatu ikaonyeshe tawini.

Nakuandikia kirefu kwa makusudi. Kwenye simu ungesema "sawa, nimeelewa", halafu mwenyekiti wa chama chenu ungempelekea nusu ya maneno. Hii unaweza kumpa akasoma mwenyewe na miwani yake. Tena hongera ya ukatibu wa chama, sijakupa rasmi. Ungekataa ningekugombeza.

Haya, tuanze pale juu. Wameandika jina la benki yenu na "Huduma kwa Wateja", na nembo wameibandika vizuri. Jina hilo ni la kujiandikia tu. Hata mimi naweza kufungua imeli leo nikajiita Mkuu wa Mkoa, na wewe kwenye simu yako utaona Mkuu wa Mkoa kakuandikia, kwa sababu simu inaonyesha jina na anwani inaificha. Liguse hilo jina, anwani itafunguka. Ya kwako ina herufi na tarakimu zilizochanganywa, na baada ya alama ya @ hakuna hata chembe ya jina la benki.

Hiyo ni rahisi. Kazi iko kwenye kile kitufe chekundu cha "Hakiki Akaunti". Nimeweka mshale wa kompyuta juu yake bila kubonyeza, na kwenye kona ya chini ya skrini ikatokea anwani ya kule kinakokupeleka. Inaanza na jina la benki yenu, nukta co, nukta tz, safi kabisa, na hapo ndipo mtu anaposhusha pumzi na kubonyeza. Lakini haijaishia hapo. Baada ya tz kuna nukta nyingine, kisha "uhakiki-akaunti", kisha nukta com, ndipo mkwaju, kile kistari cha kulala (/), unakuja. Anwani ya mtandao mwenyewe wake hakai mwanzo. Ruka ile mikwaju miwili ya baada ya https, tafuta mkwaju unaofuata, halafu tazama maneno yaliyopakana nao kwa upande wa kushoto. Huyo ndiye mwenye mali. Mtu anaweza kujenga kibanda Majengo akaandika "Benki" kwa rangi kubwa ukutani. Wewe unauliza kiwanja ni cha nani. Hapa kiwanja ni cha hao uhakiki-akaunti, na benki imeandikwa ukutani tu.

Najua mwenyekiti atasema, "Mbona kuna kakufuli?" Kakufuli kapo pale pembeni ya anwani, ndiyo. Kanachosema ni kwamba unachokiandika hakisomwi na mtu wa njiani kabla hakijafika. Kinafika kwa nani, hako kakufuli hakajui. Matapeli nao wanaweka, tena bure.

Zamani tulikuwa tunaambiwa tutazame Kiswahili kibovu. Hilo lilisaidia enzi za "Mpenzi Mteja wa Benki, akaunti yako inakuwa imefungwa". Sasa lisahau. Imeli yako nimeisoma mara mbili nikitafuta kosa, nikalikosa, na ukweli ni kwamba imeandikwa vizuri kuliko matangazo mengi ya benki zenyewe. Programu za akili mnemba zinamwandikia mtu Kiswahili kilichonyooka hata kama yeye hajui kusalimia. Kwa hiyo uzuri wa maandishi usikutulize.

Kuna kitu kimoja hukukisema ila mimi nimekiona: saa iliyotumwa. Ijumaa, saa kumi na moja jioni imepita kidogo. Tawi limefungwa, meneja kaenda kwake, na imeli inakupa saa 24, la sivyo "malipo ya msimu yatarudishwa". Hiyo si bahati mbaya. Wanataka ubaki peke yako na hofu yako mpaka Jumatatu, na wanajua kwamba katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mwezi huu hakuna anachokiogopa kuliko kuchelewesha pesa ya mkulima. Minada ya korosho inaanza Oktoba, pesa zinaingia kwenye akaunti za wakulima, na msimu wa 2024/2025 bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, habari haikubaki Newala na Tandahimba. Nchi nzima ilisikia, na wezi nao wanasikiliza redio. Wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, watakuja na imeli za pembejeo. Sasa korosho zinaokotwa, kwa hiyo wamekuja na za malipo.

Umeniuliza wamejuaje jina la chama. Mwenzangu, mimi nauza kopi. Orodha zenye majina, kilo na namba za akaunti zinaletwa hapa kwenye mashine na karani, anatolewa nakala tano, anaondoka na nne. Ile ya tano nakuta jioni chini ya kifuniko cha kioo. Mimi nazichana, lakini si kila steshenari inachana. Halafu mtu anapiga picha ile orodha anaitupa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ambao nusu yao hajui ni nani. Kwa hiyo imeli ikikutaja kwa jina lako kamili na jina la chama, usidhani hiyo ni alama ya benki. Mwambie karani wako ahesabu nakala kabla hajalipa.

Sasa nikupe kisa, maana hiki ndicho kilichonibadilisha mawazo kuhusu mambo haya yote. Bwana mmoja wa pembejeo hapa mjini alikuja kuprinti ankara ya salfa. Ankara nzuri, nembo ipo, mzigo ndio ule alioagiza, hesabu inakubali mpaka shilingi ya mwisho. Kilichobadilika ni namba ya akaunti, na maneno mawili matatu kwamba ile ya zamani iko kwenye ukaguzi. Tukaifungua anwani ya mtumaji pamoja, kama nilivyokuonyesha. Ilikuwa sahihi herufi kwa herufi, ileile anayoandikiana nayo miaka yote. Kumbe aliyeingiliwa ni muuzaji. Watu walikuwa ndani ya imeli yake kimya kimya, wanasoma mazungumzo, wanangoja siku ya ankara.

Yule bwana aliokolewa na ubahili. Hakutaka kutoa pesa kabla hajasikia sauti ya mtu, akampigia muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo kwenye simu tangu zamani, wala si ile iliyochapwa kwenye ankara. Muuzaji akajibu, "Akaunti gani mpya?" Basi hapo hapo dukani kwangu mzee akakaa kwenye benchi akaomba maji.

Unaona? Kutazama anwani, kutazama mkwaju, kote kusingemfaa. Ndiyo maana zile orodha za dalili kumi, dalili kumi na tano, zinanichosha. Nani anazikumbuka akiwa na hofu? Mimi nimebaki na moja: jambo la benki naliendea kwa njia yangu, siliendei kwa njia niliyoletewa. Njia yangu ni namba iliyo nyuma ya kadi, programu ya benki niliyoipakua mwenyewe, au miguu yangu mpaka kaunta. Imeli ikisema akaunti imefungwa, nafungua programu yangu. Kama imefungwa kweli nitaiona imefungwa huko huko. Na imeli yoyote inayotaka pasiwedi, namba ya siri, au zile tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu, hata ikiwa imetumwa na malaika, haijibiwi.

Kwa upande wa chama, jukumu lako ni kubwa zaidi, kwa sababu pesa si yako. Mkubaliane kwenye kikao kwamba namba ya akaunti haibadilishwi kwa imeli, iwe ya muuzaji, ya mkulima, hata ikionekana imetoka chama kikuu, mpaka mtu apigiwe kwa namba ya zamani na watu wawili waweke saini. Watakaonuna wanune. Na ikija moja inayojiita ya Benki Kuu, usihangaike nayo: wana tawi hapa Mtwara, ni kweli, lakini hawatunzi akaunti ya mkulima wala ya AMCOS, kwa hiyo hawana cha kukuhakikishia.

Viambatisho navyo. Ukiona "Taarifa ya Akaunti" lakini mwisho wa jina la faili kuna html badala ya pdf, huo ni ukurasa wa kuingilia benki uliofichwa ndani ya faili. Unaufungua, unakuomba pasiwedi, unaiandika, imekwenda. Pdf nayo usiifungue kama hukuitegemea.

Ikitokea karani wako ameshaandika pasiwedi, la kwanza ni simu ya benki, dakika hiyohiyo, wazuie akaunti. Pesa haingoji. Halafu pasiwedi ibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine, vifaa vyote vitolewe kwenye imeli, na muingie kwenye mipangilio kutazama kama kuna anwani ngeni imewekwa ya kupelekewa nakala ya kila kinachoingia. Wengi hapo wanasahau: wanabadilisha pasiwedi, huku mwizi anaendelea kusomewa barua zote. Kisha polisi, na ile imeli mkononi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wanajua pa kuanzia. Lakini nakuomba sana, huyo karani msimfokee mbele za watu. Mkimfokea huyu, wa pili akikosea atakaa kimya mpaka Jumatatu, na hiyo ndiyo nafasi wanayoitafuta.

Wakulima wengi hawana imeli, wao wanaletewa meseji: "ile hela itume kwenye namba hii". Mwaka huu zitakuwa nyingi, we ngoja malipo ya kwanza yatoke. Waambieni siku ya kupima mzigo kwamba meseji ya namna hiyo inatumwa kwenda 15040, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, wanazipokea huko. Na mtu akipiga *106# anaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Wazee wawili watatu hapa mtaani walikuta namba wasizozijua kabisa.

Jumatatu ukishuka mjini, ukitoka benki pitia hapa kabla ya adhuhuri, mchana umeme hauaminiki. Tutaweka ule uthibitisho wa hatua mbili, pasiwedi kisha tarakimu zinazotumwa kwenye simu, kwenye imeli ya chama. Ila njoo na simu ya mwenyekiti, ile ndogo ya vitufe, maana imeli ya chama ilifunguliwa kwa namba yake na tarakimu zitaingia huko. Mwambie aichaji.

Wako,
Somoe